Tandiko la Tangi la Samaki

Afasiriye maandishi ya ufundi aghalabu huyaogopa maneno makubwa na kuyadharau madogo. Neno la kemia atalitafutia kamusi tatu, lakini neno la kila siku hulipita kana kwamba halina siri. Twalisema jambo hili tukijua kwamba nasi tumo katika kosa hilo. Kikaratasi kilichowaeleza walimu namna ya kutengeneza tangi la kioo la kufugia samaki na mimea ya maji baridi kilipita mikononi mwetu kabla ya kupigwa chapa. Tulikisoma, tukasahihisha nukta na mikato, tukakipitisha. Maneno mawili yaliyokuwamo, "sakafu" na "mara moja", ndiyo yaliyotufanya tuandike makala haya.

Mwalimu mmoja wa biolojia wa Somanda, mjini Bariadi, mkoani Simiyu, alikifuata kikaratasi hicho kwa uaminifu. Mahali pa kwanza kilimtaka "aandae sakafu ya tangi". Sakafu kwa Mswahili yeyote ni kitu kilichosakafiwa. Kwa hiyo mwalimu alimwendea fundi mwashi, na fundi akamwuliza saruji iwe ya unene gani. Bahati njema mwalimu alisita. Saruji mbichi hutoa chokaa majini, na maji hayo yangaliwaua samaki kabla ya juma kwisha. Akatia mchanga wa korongoni, akapanda mimea, akaweka furu wachache walioletwa kutoka Ziwa Victoria, na kwa miezi kadhaa darasa lilikuwa na furaha.

Mahali pa pili kikaratasi kilisema: "Sakafu isibadilishwe yote mara moja." Mchanga ulipoanza kuwa mweusi, mwalimu aliikumbuka sentensi hiyo, akaelewa kwamba hatakiwi kufanya haraka. Alingoja majuma mawili. Kisha, siku ya Jumamosi, wanafunzi waliutoa mchanga wote, wakauosha bombani hata maji yakatoka meupe, wakaurudisha. Kufikia Jumanne furu wote walikuwa wamekufa. Katika barua yake mwalimu hakutulaumu. Aliuliza tu, kwa adabu, sakafu ni kitu gani, na mara moja ni lini.

Maswali hayo mawili yalistahili kuulizwa nasi, meza yetu ikiwa ndiyo iliyolipwa kuyauliza. Tumekwisha kumjibu mwalimu kwa barua. Hapa twajibu kwa urefu zaidi, kwa kuwa wafasiri na maofisa wengi watakutana na neno hili, si katika ufugaji wa samaki peke yake.

Kitu chenyewe

Neno la Kiingereza lililokuwa limefasiriwa "sakafu" ni substrate. Asili yake ni Kilatini, na maana yake ya kwanza ni kitu kilichotandazwa chini. Katika tangi la samaki ni tabaka la mchanga, changarawe au udongo, au vyote pamoja, lililolazwa juu ya kioo cha chini, kwa kawaida lenye kina cha sentimita tano hivi au zaidi kidogo.

Mtu asiyefuga samaki hudhani tabaka hilo ni pambo. Kazi yake ya kwanza iliyo dhahiri ni kuishika mizizi. Ya pili ni kuilisha: iko mimea ya maji inyonyayo chakula kwa majani, lakini yungiyungi na wenzake wenye mizizi minene huchota sehemu kubwa ya riziki yao chini. Kazi ya tatu haionekani kwa macho, nayo ndiyo iliyowagharimu furu wa Somanda maisha yao.

Samaki hutoa amonia, iliyo nyingi kupitia matamvua, na mabaki ya chakula yaozapo hutoa amonia nyingine. Amonia ni sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo sana, na ukali wake huongezeka maji yanapokuwa ya moto na yenye ualkali. Katika ziwa amonia hupotea katika wingi wa maji. Katika tangi la lita 100 haina pa kwenda. Wanaoiondoa ni bakteria. Wako waigeuzao kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na wako waigeuzao naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huistahimili na mimea huila. Mtaalamu wa Kirusi Sergei Winogradsky ndiye aliyefaulu kuwatenga bakteria wa kazi hii, kuanzia mwaka 1890. Mpaka siku hizi elimu hiyo yaongezeka: mwaka 2015 ilithibitishwa kwamba wako bakteria waifanyao kazi yote peke yao, tangu amonia hadi naitreti.

Lililo muhimu kwa mfasiri ni mahali waishipo. Wengi wao hawaelei majini. Hung'ang'ania juu ya vitu: kioo, majani, sifongo ya chujio, na zaidi ya yote chembe za mchanga. Mtu akihesabu nyuso zote za chembe zilizomo katika gao moja la mchanga, ataona kwamba eneo lake lauzidi mbali ukuta wa kioo uliolizunguka. Kwa hiyo wanafunzi walipouosha mchanga kwa maji ya bomba yenye klorini, hawakuwa wakisafisha tangi. Walikuwa wakiwatoa wale wanaolisafisha. Furu waliobaki walikula na kutoa amonia kama jana, na hapakuwa na wa kuiondoa.

Chini zaidi, mahali oksijeni isipofika, wako bakteria wa namna nyingine. Baadhi yao huigeuza naitreti kuwa gesi ya naitrojeni ikapanda kwa mapovu, na hilo ni jema. Wengine, pakiwa na uozo mwingi, hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi yenye harufu ya mayai viza, na hilo si jema hata kidogo. Weusi alioutia shaka mwalimu wetu ni dalili ya tabaka hilo lisilo na hewa. Weusi kidogo penye kina ni jambo la kawaida. Tabaka likipanda karibu na uso, na kidole kikichomekwa harufu ikatoka, basi ni wakati wa kushughulika.

Jina lake

"Sakafu" haifai kwa sababu tulizokwisha kuziona. "Mchanga" haufai kwa sababu ni jina la kitu kimoja miongoni mwa vinavyoweza kulazwa. Mwandishi anayetaka kusema kwamba tabaka liwe la udongo chini na mchanga juu atalazimika kusema kwamba mchanga wa tangi hili uwe wa udongo. "Kitalu" kinaleta picha ya miche inayosubiri kuhamishwa. "Tabaka la chini" ni sahihi, lakini neno hilo katika maandishi yetu ya siasa limekwisha kupewa watu, na pia ni refu mno kurudiwarudiwa.

Tulilitazama kwa muda neno "matandazo". Mabwana shamba hulitumia kwa nyasi na majani yanayofunika udongo wa migomba au mboga ili usikauke. Wafugaji wa kuku nao hulitumia kwa maranda na pumba zinazomwagwa bandani. Ni neno zuri na lina shina lile lile la "tandaza" ambalo Kilatini nacho kingelitambua. Taabu yake ni kwamba kwa mkulima matandazo yako juu ya udongo wenye mizizi, na kitu chetu ndicho chenye mizizi. Kulitia neno lile lile katika kazi mbili zinazopingana ni kumtegea msomaji.

Hivyo twapendekeza "tandiko". Tandiko ni kitu kinachotandikwa chini ya kingine ili hicho cha juu kipumzike au kisimame vyema: la kitandani, la juu ya punda. Lina wingi wa kawaida, ijapokuwa wingi huo "matandiko" una ladha ya chumba cha kulala. Katika maandishi ya ufundi haja ya wingi si kubwa. Kitenzi chake "kutandika" chafaa pia, nacho kitaleta kicheko darasani, kwa kuwa kumtandika mtu ni kumpiga. Kicheko hicho hakitudhuru. Wanafunzi hulishika upesi neno lililowachekesha.

Yafaa tuonye kwamba pendekezo hili ni la tangi, bwawa na kitanda cha mto, yaani mahali ambapo kitu kimelazwa chini na viumbe huishi juu yake au ndani yake. Neno lile lile la Kiingereza hutumiwa na mkemia kwa kitu kinachofanyiwa kazi na kimeng'enya, na hapo Kiswahili kina njia yake iliyo nzuri kupita ya Kiingereza: kimeng'enya humeng'enya, na kinachomeng'enywa ni kimeng'enywa. Katika baadhi ya maelekezo ya kilimo cha uyoga tumeona "vimeng'enywa" kwa mabua na pumba zinazooteshewa uyoga, na hatuna ugomvi nalo. Anayefasiri asidhani kwamba neno moja la kigeni lazima lipate neno moja la Kiswahili. Aulize kwanza limo katika fani gani.

Neno jingine la kuangaliwa ni "changarawe". Katika vitabu ni vijiwe vidogo vilivyo laini. Lakini mtu wa Bariadi akisikia barabara ya changarawe hufikiri ule udongo mwekundu wenye vijiwe unaomwagwa barabarani, ambao wengine huuita moramu. Ukitiwa tangini huo hutoa vumbi jekundu kwa majuma. Nazo "kokoto" ni mawe yaliyopondwa, yenye kingo kali, yasiyowafaa samaki wanaochimba kwa midomo. Ushauri wetu ni kwamba mfasiri ataje ukubwa wa chembe. Milimita mbili hadi nne ni kipimo kizuri cha tabaka la juu, na palipo na uwele na mtama hapana haja ya rula: chembe ziwe baina ya punje ya uwele na punje ya mtama.

Udongo wa Somanda

Tulipomjibu mwalimu tulitaka kumwambia atumie "udongo wa mfinyanzi chini na mchanga juu". Kabla ya kuituma barua tukakumbuka kwamba twamwandikia mtu anayeishi katika Usukuma, ambako udongo una majina mengi kuliko tuliyo nayo katika Kiswahili sanifu. Juu karibu na miamba uko luseni, wa kichanga na mweupe. Mteremkoni uko itogolo, wenye tabaka gumu chini, mahali ambapo watu huchimba majaruba ya mpunga. Uko ibushi, wenye chokaa ndani yake. Bondeni kabisa uko mbuga, ule mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi hata mguu ukaingia, na wakati wa masika huvimba na kunasa magurudumu. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, alipendekeza mwaka 1935 neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo kwa aina za udongo zinazofuatana hivyo kutoka kilimani hadi bondeni. Neno hilo limeenea katika vitabu vya dunia nzima. Wakulima wa Kisukuma walikuwa na pete zote za mnyororo huo kwa majina.

Kwa kutengeneza tandiko, majina hayo ni maelekezo yaliyokamilika. Luseni ulioshwa vizuri, au mchanga wa korongoni, ni tabaka la juu. Mbuga ni tabaka la chini: una rutuba, na chembe zake za mfinyanzi hushika amonia, potasi na madini mengine na kuyatoa kwa mizizi kidogo kidogo. Lakini mbuga usiofunikwa huyachafua maji kwa siku nyingi, maana chembe zake ni ndogo mno hata hazizami upesi. Ibushi waweza kutambuliwa kwa siki: ukidondoshewa hutoa mapovu. Chokaa yake huyaongezea maji ugumu na ualkali. Kwa samaki wa Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yana ualkali, hilo si baya. Kwa mimea mingi ni dhiki.

Udongo uchukuliwe wapi? Si katika shamba la pamba. Bariadi ni nchi ya pamba, na dawa za wadudu zinazonyunyiziwa pamba, hasa zile za jamii ya pareto ya viwandani, huwaua samaki kwa kiasi kidogo kisichomdhuru ng'ombe. Tena, si katika lambo. Neno "lambo" twalipenda, na hapa lina haki ya kutajwa kwa sababu nyingine: neno la Kilatini ambalo Mwingereza Philip Henry Gosse alilieneza katika kitabu chake cha mwaka 1854 kwa maana ya tangi la kioo la viumbe wa majini, kwa Warumi wenyewe lilikuwa mahali pa kunyweshea mifugo, yaani lambo. Lakini tope la lambo laweza kuwa na konokono wabebao vimelea vya kichocho, na baadhi ya konokono hao huweza kukaa hai miezi mingi ndani ya tope lililokauka, wakingoja mvua. Kulianika juani peke yake hakutoshi. Na mwanafunzi asitumwe kuingia lamboni miguu mitupu kwa ajili ya somo la biolojia. Mbuga wa pembezoni mwa uwanja, usiolimwa wala kufikiwa na maji ya lambo, watosha.

Hapa tujiruhusu kutoka njiani kidogo. Wako samaki wadogo wa jenasi Nothobranchius, madume yao yenye rangi za kupendeza sana, waishio katika madimbwi ya msimu ya Afrika Mashariki na Kusini. Wamo katika bonde la Ziwa Victoria, na Unguja ina wake, Nothobranchius guentheri. Dimbwi likikauka wote hufa, lakini mayai yao hubaki ndani ya tope hadi masika yajayo. Watafiti wamegundua kwamba madimbwi yao hupatikana hasa penye mfinyanzi mweusi wa namna ya mbuga. Kwao tandiko ndilo ghala la kizazi. Kwa sababu hukomaa na kuzeeka haraka sana, ndugu yao mmoja wa kusini, Nothobranchius furzeri, amekuwa mnyama wa maabara wa kuchunguzia uzee wa binadamu. Anayefasiri habari za samaki hao akiandika kwamba mayai hutagwa "sakafuni" atakuwa amekosa jambo zima.

Kutandika

Udongo wa mbuga ulowekwe siku nzima katika ndoo, vijiti na mizizi inayoelea itolewe, maji yamwagwe, kisha uanikwe juu ya turubai hadi upasuke. Upondwe, ulowekwe tena, uanikwe tena. Kazi hiyo ikirudiwa mara tatu au nne katika muda wa majuma matatu, sehemu kubwa ya kile kilichokuwa kioze tangini kitakuwa kimekwisha kuoza nje, ambako hakimdhuru mtu. Walimu wasio na subira huiruka hatua hii na hujuta baadaye.

Udongo ulazwe kwa kina cha sentimita mbili au tatu, usizidi. Juu yake mchanga ulioshwa, sentimita tatu au nne. Mkulima wa mpunga akivuruga jaruba hutaka kuuvunja udongo ili maji yasipenye. Anayetandika tangi hutaka kinyume chake, kwa hiyo asishindilie. Sahani iwekwe juu ya mchanga na maji yamiminwe juu ya sahani, polepole. Mimea ipandwe siku hiyo hiyo. Samaki wangoje. Udongo mpya hutoa amonia yake wenyewe, na bakteria huhitaji mwezi mmoja au zaidi kuongezeka hadi wafikie kiasi cha kutosha. Maji yabadilishwe kiasi kila baada ya siku chache katika muda huo, na samaki watiwe wawili watatu kwanza.

Kubadili

Tandiko zuri hudumu miaka. Mara nyingi dawa ya weusi si kubadili bali ni kupunguza chakula cha samaki, kufyonza uchafu wa juu kwa mpira, na kuongeza mimea yenye mizizi. Inapobidi kubadili, kitenzi chenyewe kinataka uangalifu. "Kubadilisha" chaweza kueleweka kuwa kutoa kimoja na kutia kingine, au kugeuza hali ya kile kile. Wanafunzi wa Somanda waliurudisha mchanga ule ule, na kwa maana moja ya neno hawakubadilisha kitu. Kwa lambo lililojaa tope watu husema kufukua, na hapo hakuna shaka: tope linatoka. Tungependa maelekezo ya tangi yaige uwazi huo. Yaseme "ondoa", kisha yaseme "weka".

Na yaseme kiasi gani. Theluthi moja ya eneo la tangi, upande mmoja, kwa siku moja. Samaki watolewe kwanza, wawekwe ndani ya ndoo yenye maji ya tangi lile lile, kwa sababu tandiko la zamani likichokonolewa huachia amonia na ile gesi yenye harufu. Mimea ifunikwe na magazeti yaliyoloweshwa. Mchanga wa theluthi hiyo utolewe taratibu kwa kikombe, maji yaliyochafuka yafyonzwe, tandiko jipya lilazwe. Gao moja la mchanga wa zamani ulio safi lirudishwe juu ya jipya kama mbegu ya bakteria. Chujio lisiguswe siku hiyo. Na siku yoyote likisafishwa, sifongo yake isuuzwe katika maji ya tangi, kamwe si bombani. Kisha majuma matatu ya kungoja kabla ya theluthi ya pili.

Hapo ndipo lilipoingia lile neno la pili. "Mara moja" lina maana tatu zinazotumika kila siku. Dawa hunywewa mara moja kwa siku: hiyo ni hesabu. Mkuu wa kazi akiandika katika waraka kwamba agizo litekelezwe mara moja: hiyo ni haraka. Mtu akibeba mizigo yote mara moja: hiyo ni kwa pamoja, bila kugawa. Kikaratasi kilikusudia maana ya tatu. Mwalimu, ambaye ni mtumishi wa serikali na nyaraka za namna hiyo huzipokea kila wiki, alisoma ya pili. Hakukosea, sentensi iliruhusu. Kiingereza nacho kina neno lenye maana hizo mbili za mwisho, na bila shaka ndilo lililotuvuta tukaona tumefasiri sawasawa. Kukanusha ndiko kulikozidisha utata, kwa maana "isibadilishwe mara moja" haimwambii mtu afanye nini badala yake.

Kiswahili hakikosi maneno ya kutenganisha maana hizo. Kwa haraka kuna "upesi", "papo hapo", "bila kuchelewa". Kwa pamoja kuna "kwa mkupuo mmoja" na "kwa mpigo". Kwa hesabu "mara moja" yenyewe yabaki, ikifuatwa na kipindi: kwa siku, kwa mwezi. Katika maelekezo ambayo kosa lake laweza kuua, iwe ni samaki au mgonjwa, sisi tumekwisha kujiwekea kanuni kwamba "mara moja" isiyofuatwa na kipindi haipiti mezani petu. Maofisa wanaoandika nyaraka huenda wakaona tumezidi. Na wamtazame mtu aliyeambiwa asimeze vidonge vyote mara moja, akangoja saa mbili, kisha akavimeza vyote.

Kikaratasi kimeandikwa upya. Mahali pa sentensi ile sasa pana hizi: "Ondoa theluthi moja ya tandiko. Weka tandiko jipya mahali pake. Ngoja majuma matatu. Ndipo uondoe theluthi ya pili." Ni ndefu kuliko ya kwanza, na mpiga chapa alilalamika kwamba ukurasa umejaa. Mwalimu wa Somanda ameanika mbuga wake mara ya tatu na anangoja ukauke. Ametuuliza pia kwamba, ikiwa tangi zima ni tandiko na maji, je, lile tabaka jembamba la uchafu wa kahawia linalotua juu ya mchanga nalo lina jina? Tulikuwa tukiliita "mashapo". Yeye asema mashapo kwao ni ya pombe. Wasomaji wa pwani na wa maziwa walio na neno lao kwa kitu hicho watuandikie.